Dabo ya Adhabu Katika Briji: Lini Inalipa, Lini Inagharimu

Dabo ya adhabu ni tamko la mchezaji anayeona kwamba mkataba wa wapinzani utaanguka, na anayetaka anguko hilo liwagharimu zaidi. Dabo yenyewe haimletei duru hata moja. Karata ni zile zile na mlinzi ni yule yule. Kinachobadilika ni bei. Kwa hiyo uamuzi wa kuipiga ni wa hesabu: walinzi watakula duru ngapi, na kosa litagharimu kiasi gani likitokea. Wanaopiga dabo kwa sababu wameshika pointi nyingi, au kwa sababu wapinzani wamewaudhi kwa kuingilia mnada wao, ndio wanaowanenepesha wenzao kwenye karatasi ya alama.

Kisanduku: maneno yanayotumika humu

- *Duru*: karata nne zinazotupwa mezani, moja kutoka kwa kila mchezaji, karata kubwa hula. Mgawo mmoja una duru 13.
- *Mkataba*: dau la mwisho la mnada. Shupaza 4 ni ahadi ya kula duru 10, yaani 6 na 4, shupaza ikiwa turufu.
- *Walinzi*: wawili wanaojaribu kuuangusha mkataba. Anayeucheza ni *mwenye mkataba*.
- *Hatarini*: hali ambayo bonasi na adhabu za upande mmoja zimepandishwa. Katika mashindano huandikwa kwenye ubao wa mgawo kabla karata hazijatazamwa.
- *Gemu*: mkataba unaofikisha alama 100 za duru. Hutosha bila turufu 3, kopa au shupaza 4, pau au uru 5.
- *Pointi*: ree (A) 4, mfalme (K) 3, malkia (Q) 2, ghulamu (J) 1. Pakiti nzima ina pointi 40.

Bei ya anguko

| Duru zilizopungua | Si hatarini, bila dabo | Si hatarini, na dabo | Hatarini, bila dabo | Hatarini, na dabo |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 50 | 100 | 100 | 200 |
| 2 | 100 | 300 | 200 | 500 |
| 3 | 150 | 500 | 300 | 800 |
| 4 | 200 | 800 | 400 | 1100 |

Anayejifunza kwa kitabu cha zamani awe macho: kabla ya mabadiliko ya sheria ya 1987, duru nne pungufu kwa upande usio hatarini zilikuwa 700, si 800.

Jedwali hili lina jambo ambalo wengi hulipita. Anguko la duru moja huongezewa kidogo tu na dabo: alama 50, au 100 wapinzani wakiwa hatarini. Faida ya kweli huanza kwenye duru ya pili, ambapo 100 inakuwa 300 na 200 inakuwa 500. Dabo inayotegemea anguko la duru moja tu ni biashara ya faida ndogo, na biashara ya namna hiyo haivumilii makosa mengi.

Bei ya kosa

Mkataba uliopigwa dabo ukitimia, alama za duru huzidishwa mara mbili, na juu yake huwekwa 50 za fidia. Kila duru ya ziada hulipwa 100, au 200 kwa upande ulio hatarini. Hatari kubwa iko kwenye kule kuzidisha, kwa sababu mkataba mdogo unaweza kugeuzwa gemu. Shupaza 2 iliyotimia bila dabo ni alama 110. Ikipigwa dabo, 60 zinakuwa 120, mstari wa 100 umevukwa, na bonasi ya gemu inaingia: 470 kwa wasio hatarini, 670 kwa walio hatarini. Walinzi wamewapa wapinzani gemu ambayo wenyewe hawakuthubutu kuipandia dau.

Uru 2 ni habari nyingine. Alama 40 zikizidishwa ni 80, gemu haijafikiwa, na jumla ni 180 badala ya 90. Bila turufu 1 nayo ni 180. Kwenye shupaza 4 gemu ilikuwa yao tayari, hivyo kosa linagharimu 170 tu: 590 badala ya 420, au 790 badala ya 620.

Ukipima faida ya anguko la duru moja dhidi ya hasara ya mkataba kutimia, unapata picha hii:

- Shupaza 2, wapinzani si hatarini: faida 50, hasara 360. Dabo lazima ifaulu zaidi ya mara saba kwa kila kosa moja.
- Shupaza 2, wapinzani hatarini: faida 100, hasara 560. Bado ni mbaya.
- Shupaza 4, wapinzani si hatarini: faida 50, hasara 170.
- Shupaza 4, wapinzani hatarini: faida 100, hasara 170.
- Uru 2, wapinzani hatarini: faida 100, hasara 90. Hapa mizani imekaa karibu sawa.

Kwa hiyo dabo zinazohitaji uhakika mkubwa kuliko zote ni zile za kopa 2, shupaza 2, na mikataba yote yenye turufu ya daraja la tatu. Pau 3 iliyopigwa dabo na kutimia huleta 470 vilevile. Kanuni inayofaa kwa mikataba hiyo ni kuwa na akiba ya duru moja: dabo ipigwe pale ambapo hesabu inaonyesha anguko la duru mbili, ili kosa la duru moja libaki bado anguko.

Je, dabo hii ni ya adhabu?

Mchezaji hawezi kuadhibu kwa dabo ambayo mwenzi wake anaielewa kuwa ombi. Dabo nyingi za madaraja ya chini siku hizi si za adhabu. Mchezaji Mmarekani Alvin Roth alileta mwaka 1957 dabo ya mjibuji inayosema "nina aina zile ambazo hazijatajwa, endelea". Iliitwa Sputnik, jina la chombo cha angani kilichorushwa mwaka huohuo, na leo jozi nyingi huitumia bila hata kujadiliana. Aliyeshika turufu nyingi za wapinzani katika nafasi hiyo hupita, kisha humngoja mwenzi wake apige dabo ya kuomba, na dabo hiyo ndiyo huiacha isimame.

Jozi ikubaliane mapema, kabla ya kuketi mezani, ni dabo zipi zinaadhibu. Makubaliano ya kawaida ni haya:

1. Dabo ya bila turufu 1 iliyofunguliwa na wapinzani.
2. Dabo baada ya mwenzi kufungua bila turufu, mpinzani akaingiza aina yake. Jozi nyingine huichukulia kuwa ya kuomba, hivyo isiachwe bila kuzungumzwa.
3. Dabo baada ya mwenzi kufungua kwa dau la kuzuia, mathalani kopa 3.
4. Dabo baada ya upande wetu kupiga ridabo, yaani kuizidisha tena dabo ya wapinzani.
5. Dabo ya dau la wapinzani baada ya upande wetu kupandia gemu kwa nguvu.
6. Dabo ya gemu ambayo wapinzani wameifikia wenyewe bila kusukumwa.

Hatua za kuhesabu

*Hatua ya 1. Jua unahitaji duru ngapi.* Toa daraja la mkataba kwenye 8. Kuangusha shupaza 2 kunahitaji duru 6, kopa 3 duru 5, shupaza 4 duru 4. Kwa anguko la duru mbili, ongeza moja.

*Hatua ya 2. Hesabu turufu zako.* Q J 10 9 ni duru mbili popote zilipo. K J 9 4 ni duru mbili ikiwa mwenye turufu ndefu amekaa kulia kwako, yaani anacheza kabla yako. Akikaa kushoto, karata hizohizo zinaweza kukwama zikabaki na duru moja.

*Hatua ya 3. Hesabu duru za haraka katika aina nyingine.* Kipimo kilichoenezwa na Ely Culbertson miaka ya 1930 bado kinafaa: A na K pamoja ni 2, A na Q ni 1½, A peke yake 1, K na Q pamoja 1, K yenye karata ndogo ya kuilinda ½. Q na J zilizotawanyika zihesabiwe sifuri. Zina pointi lakini mara nyingi hazili.

*Hatua ya 4. Ongeza za mwenzi.* Aliyefungua kwa aina katika daraja la kwanza ana takriban duru 2 hadi 2½ za ulinzi. Bila turufu 1 ya pointi 15 hadi 17 ni takriban 3½. Aliyeingiza aina yake juu ya ufunguzi wa wapinzani apewe 1. Aliyefungua kwa dau la kuzuia asitegemewe kwa lolote.

*Hatua ya 5. Punguza.* Ukiwa na karata nne au zaidi za aina ya mwenzi, punguza duru moja. Wapinzani wana karata chache za aina hiyo, na A au K yake itakatwa kwa turufu.

*Hatua ya 6. Linganisha na kile ambacho upande wako ungepata.* Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote, ingawa ndiyo inayoamua.

Mikono miwili

Mwenzi amefungua bila turufu 1 (pointi 15 hadi 17). Mpinzani wa kulia ameingiza shupaza 2. Karata ni hizi:

Shupaza K J 9 4. Kopa A 7. Uru Q 8 3 2. Pau J 6 5.

Turufu ni duru mbili na zimekaa vizuri. Kopa ni duru moja. Mwenzi ana 3½. Jumla ni 6½ kwenye hitaji la 6, na malkia wa uru ana nafasi ya kuungana na wakubwa wa mwenzi. Mwenzi hakosi shupaza mbili, hivyo wapinzani kwa pamoja hawana zaidi ya saba. Hakuna aina ya mwenzi iliyolingana na mkono huu ili ikatwe. Kila dalili inaelekea kwenye dabo.

Hata hivyo jibu linategemea ubao. Upande huu una pointi 26 au zaidi na kizuizi cha shupaza, kwa hiyo bila turufu 3 ni gemu inayotarajiwa: alama 400, au 600 ukiwa hatarini. Wapinzani wakiwa hatarini na sisi hatumo, anguko la duru mbili ni 500 na linaizidi 400. Dabo. Hali ikigeuzwa, sisi hatarini na wao hawamo, duru mbili ni 300 tu dhidi ya 600. Ingehitajika kuwaangusha duru nne ili kufidia. Dau sahihi hapo ni bila turufu 3.

Mkono wa pili. Mwenzi amefungua kopa 1, mwenye mkono huu ameinua hadi kopa 4, na mpinzani amesema shupaza 4:

Shupaza 6 3. Kopa K Q 8 5 2. Uru Q J 4. Pau Q J 6.

Zipo pointi 11, sawa kabisa na mkono wa kwanza, na mwenzi amefungua. Mkono unawasha. Lakini kopa za upande huu ni kumi au zaidi, wapinzani wamebaki na tatu kwa pamoja au pungufu, na K na Q hapo zinaweza zisile hata mara moja. Turufu hakuna. Q J mbili ni sifuri kwa kipimo cha duru za haraka. Mkono huu ni mzuri kwa kucheza kopa, lakini kwa ulinzi ni mtupu. Apite, amwachie mwenzi neno la mwisho.

Wakati wapinzani wanajitoa mhanga

Upande wetu umefika gemu kwa nguvu halisi, na wapinzani wakapanda juu yake wakijua wataanguka, wakitumaini kulipa kidogo kuliko thamani ya gemu yetu. Hapa hawawezi kuachwa wacheze bila dabo. Kwa jozi zilizokubaliana hivyo, kupita kwa anayezungumza kwanza si kunyamaza: ni kumkabidhi mwenzi uamuzi, naye lazima apige dabo au apande. Anayepiga dabo papo hapo anasema hana hamu ya kuendelea, kwa kawaida kwa sababu ana karata mbili au tatu ndogo za aina ya wapinzani na mkono uliotandazika sawa. Mwenye karata moja au asiye nayo kabisa hupita, ili mwenzi ajue kuwa njia ya kupanda iko wazi.

Adhabu inayofidia gemu ya kopa 4 iliyopotea:

- Hakuna aliye hatarini (gemu 420): duru tatu, 500.
- Wao tu hatarini (gemu 420): duru mbili, 500.
- Wote hatarini (gemu 620): duru tatu, 800.
- Sisi tu hatarini (gemu 620): duru nne, 800.

Mashindano ya jozi, mashindano ya timu

Katika timu, tofauti ya alama na meza ya pili hubadilishwa kuwa pointi za kimataifa kwa jedwali maalumu. Shupaza 2 iliyopigwa dabo ikatimia, wakati meza ya pili imetimia bila dabo, ni tofauti ya 360 na hasara ya pointi 8. Ikianguka duru moja, dabo imeleta pointi 2. Ndiyo maana wachezaji wa timu huogopa dabo za kubahatisha katika mikataba midogo, na wanafanya vema.

Katika jozi, kinachohesabiwa ni umezishinda meza ngapi, si kwa kiasi gani. Namba ya kukumbuka ni 200. Upande wetu ukiwa na uwezo wa kutimiza mkataba mdogo wa alama 110 au 140, kuwaangusha wapinzani walio hatarini duru moja bila dabo huleta 100 na kutuacha nyuma ya kila meza iliyocheza kwetu. Dabo huifanya 200, ambayo inazipita zote. Wapinzani wasipokuwa hatarini, dabo na anguko la duru moja ni 100 tu, bado chini ya 110. Hapo dabo ya duru moja haina maana.

Kupima kwa idadi ya turufu

Mfaransa Jean-René Vernes alichapisha mwaka 1969, katika jarida la The Bridge World, uchunguzi kwamba jumla ya duru ambazo pande mbili zingekula, kila upande ukichezea aina yake bora, inakaribiana na jumla ya turufu zao. Sisi tukiwa na kopa nane na wao shupaza nane, jumla ni 16. Wakikwea hadi shupaza 3, wanahitaji 9. Wakizipata, sisi tungekula 7 tu. Pande zote mbili zikiwa na saba saba, jumla ni 14, na anayefika daraja la tatu kwa kawaida yuko pabaya. Mkono ambao aina hazilingani kwa upande wowote ndio shamba la dabo. Kila upande ukiwa na turufu tisa au kumi, duru zitakuwa nyingi kwa wote, na kupanda juu ni salama kuliko kuadhibu.

Makosa ya kawaida

- *Kuwafukuza kutoka mahali pabaya.* Wapinzani wamefika shupaza 6, na mlinzi ana Q J 10 8. Mkataba umekufa. Dabo inaongeza 50 au 100, lakini inawapa nafasi ya kukimbilia bila turufu 6, ambayo ikitimia ni 990 au 1440. Kabla ya dabo, jiulize kama wana pa kukimbilia.
- *Kumfichulia mwenye mkataba.* Dabo ya turufu nne humwambia zilipo. Badala ya kuzivuta ataanza kukata kwa zake ndogo, na duru ya mlinzi hupotea.
- *Kutarajia mwenzi aiache dabo huku yeye ana mkono wa ajabu.* Mwenye aina ya karata saba na ulinzi hafifu ana haki ya kuiondoa.
- *Kupiga dabo baada ya kusita kwa dakika nzima.* Sheria haimruhusu mwenzi kutumia kile alichojifunza kutokana na kusita huko. Kadi nyekundu ya X itolewe kwa mwendo uleule daima.
- *Kusahau ridabo.* Shupaza 2 iliyopigwa ridabo ikatimia ni 640, au 840 kwa walio hatarini.

Kwa mikataba ya daraja la sita na la saba, dabo kwa kawaida si ya kuongeza adhabu. Kwa utaratibu wa Theodore Lightner, aliyekuwa akicheza na Culbertson, dabo hiyo inamwomba mwenzi aanze kwa karata isiyotarajiwa, mara nyingi aina ya kwanza ya pembeni iliyotajwa na mkono utakaolazwa mezani, kwa sababu mpigaji hana karata ya aina hiyo na anangoja kukata.

Orodha ya ukaguzi kabla ya kadi nyekundu

☐ Mwenzi ataielewa kuwa ya adhabu?
☐ Duru zimehesabiwa moja moja, si pointi?
☐ Kuna akiba ya duru moja, kama mkataba ni kopa 2, shupaza 2 au daraja la tatu?
☐ Turufu zimekaa baada ya mwenye mkataba?
☐ Karata za aina ya mwenzi ni chache mkononi?
☐ Adhabu inayotarajiwa inazidi gemu yetu?
☐ Wapinzani hawana pengine pa kukimbilia?

Karata ya kuanzia

Dabo ikishasimama, karata ya kwanza inaweza kuokoa au kupoteza duru nzima. Katika mkataba mdogo ambao walinzi wana pointi nyingi kuliko mwenye mkataba, njia yake ya kupona ni kukata kwa turufu za mkono mfupi, kwa hiyo karata ya kuanzia ni turufu, na turufu irudishwe kila walinzi wanapopata zamu. Hili ni la lazima hasa pale ambapo mwenzi ameiacha dabo ya kuomba isimame katika daraja la kwanza: ana turufu nzito, na anataka zivutwe. Dhidi ya bila turufu iliyopigwa dabo, anza na aina ndefu na imara ya mpigaji au aliyoitaja mwenzi. Dhidi ya wanaojitoa mhanga katika daraja la tano wakiwa na turufu kumi na pointi chache, turufu huwa karata nzuri ya kuanzia mara nyingi, isipokuwa mnada umeonyesha kwamba mkono wa mezani una aina ndefu ya pembeni itakayobeba karata zao za kupoteza. Hapo ree na wafalme zipigwe mapema, kabla hazijakosa mtu wa kuzifuata.